NIFUATE NJIA IPI?
Somo kwa wakatekumeni wanaokaribia Ubatizo



Katika masomo yaliyotangulia mmejifunza Amri za Mungu na za Kanisa, mmejifunza sala, na wengi wenu mwaweza kuyajibu maulizo ya katekisimu bila kukwama. Leo twaja kwenye swali moja ambalo katekisimu haiwezi kulijibu kwa niaba yenu, wala mwalimu wenu, wala Padri. Ni hili: mimi niliyezaliwa katika kijiji hiki, mwenye mikono hii, nguvu hizi na jamaa hii, nifanye nini na maisha niliyopewa?

Watu wengi hawajiulizi swali hilo hata siku moja. Wao hufuata tu. Rafiki zao wakienda kuchimba dhahabu, nao huenda. Wazee wakisema, Oa, huoa. Njaa ikiingia kijijini, huhamia kwa mjomba. Ikiisha, hukaa huko huko kwa kuwa wamekwisha kuzoea. Mtu wa namna hiyo pengine si mtu mbaya. Mara nyingi ni mpole, na jirani zake humpenda. Lakini afanana na mtumbwi uliofunguliwa kamba usiku. Waenda, tena waenda upesi, ila mwendo si wake. Ni mwendo wa mto.

Wengine hujiuliza, lakini hukosea mahali pengine. Hudhani kwamba Mungu huwaita mapadri na masista tu, na kwamba sisi wengine tumeachwa tujipangie wenyewe, mradi tusiue wala tusiibe. Sivyo. Mwenye Heri Isidori Bakanja alikuwa msaidizi wa waashi huko Mbandaka alipobatizwa tarehe 6 Mei 1906. Baada ya Ubatizo hakuingia nyumba ya watawa. Aliendelea kuwa mtumishi wa mshahara, na katika kazi hiyo hiyo ndimo alimomtumikia Mungu mpaka kufa kwake mwaka 1909. Kila mtu ameitwa. Kilichobaki ni kujua ameitwa wapi.

Mwisho kwanza, chombo baadaye

Tuanze hapo, maana ndipo wengi wapotezapo njia. Mtu hutaka mali. Akiisha kuikusudia, ndipo ajapo kanisani kumwomba Mungu aibariki safari yake. Mwingine amekwisha kupeleka mahari, amekwisha kujenga nyumba, na sasa auliza kama ndoa ile ni mapenzi ya Mungu. Huyo haulizi. Ataka Mungu aje mahali alipo yeye, wala hataki yeye kwenda alipo Mungu.

Fundi wa mitumbwi hafanyi hivyo. Kabla ya kuangusha mti hujiuliza mtumbwi utakwenda mto gani na kubeba nini, kwa kuwa mtumbwi wa kuvulia samaki kijitoni haufai kuvushia watu mto mkubwa. Mali, ndoa, kazi, masomo, kuhama, kubaki, hayo yote ni mitumbwi. Mmejifunza tangu somo la kwanza tumeumbwa kwa ajili gani. Basi ulizeni kwanza mwisho ule, kisha mtazame chombo kipi chawafikisha.

Askari aliyevunjika mguu

Mtasema, Vema, lakini nitajuaje? Mungu hasemi nami kwa sauti kama alivyosema na mtoto Samweli usiku katika nyumba ya Bwana. Kumbukeni kwamba hata Samweli hakuitambua sauti ile. Alimkimbilia mzee Eli mara 3 kabla ya kuelewa ni nani amwitaye. Kwa hiyo msijihukumu kama hamsikii upesi.

Zamani, katika nchi ya Hispania, alikuwako askari wa ukoo mkubwa, jina lake Ignasi wa Loyola. Alipenda sifa na mavazi mazuri na habari za vita. Mwezi wa Mei 1521 alikuwa akiulinda mji wa Pamplona, ikaja risasi ya mzinga, ikamvunja mguu mmoja na kuujeruhi wa pili. Akachukuliwa kwao, akalala kitandani miezi mingi. Kwa uchovu wa kulala akaomba vitabu vya mashujaa. Katika nyumba ile havikuwamo. Vilikuwamo kitabu cha maisha ya Yesu na kitabu cha habari za Watakatifu. Akavisoma kwa kukosa vingine.

Hapo akaanza kuona jambo ndani yake. Alipowaza vita na heshima ya dunia, alifurahi sana wakati wa kuwaza. Mawazo yalipokwisha, moyo ulibaki mkavu na wenye uchungu. Alipowaza kumfuata Kristo katika umaskini kama Watakatifu wale, alifurahi pia, na hata baada ya mawazo kwisha furaha ilibaki. Muda mrefu hakuliangalia jambo hilo. Siku moja macho yakafunguka, akatambua kwamba furaha zile mbili hazitoki chemchemi moja.

Nanyi mwaweza kufanya vivyo hivyo, wala haitakiwi kujua kusoma. Yatazameni mawazo yenu kesho yake. Pombe nayo hufurahisha jioni. Mtu huijua kwa asubuhi yake. Kijana awazapo fedha za machimbo, pikipiki mpya, rafiki wakimshangilia, moyo huruka. Angoje mpaka usiku wa manane, kijiji kimelala, aone mawazo yale yamemwachia nini.

Msidhani Ignasi aliona njia yote mara moja. Alidhani ameitwa kuishi Yerusalemu. Akaenda mwaka 1523, na wasimamizi wa mahali patakatifu wakamwamuru arudi. Akarudi, naye mtu mzima wa miaka zaidi ya 30 akaketi pamoja na watoto shuleni huko Barcelona ajifunze Kilatini. (Nawaambia hasa baba na mama mnaoona haya kushika kitabu cha kusomea mbele ya wajukuu.) Shirika lake, ndilo la Wayezuiti, lilikubaliwa na Papa mwaka 1540 tu, yaani miaka 19 baada ya mguu kuvunjika.

Katika mashauri aliyoyaacha, matatu yatufaa sana vijijini. La kwanza ni kwamba mtu asibadili nia yake njema wakati wa huzuni na giza la moyo. Mnajua wenyewe: auzaye shamba siku ya ugomvi hulijutia siku ya mavuno. Nimewaona wakatekumeni walioacha mafundisho kwa sababu ya neno moja la jirani, au msiba, na baada ya miezi 6 wakatamani kurudi lakini wakaona haya. Shauri la pili: umfikiri mtu usiyemjua kabisa, mwenye shida kama yako, amekuja kukuomba neno. Ungemwambia nini? Jibu hilo hilo ulichukue wewe. La tatu: ujiweke katika saa ya kufa kwako, ukajiulize siku ile utatamani uwe umechagua nini.

Wengine hunung'unika kwa sababu mafundisho ni ya muda mrefu. Kardinali Lavigerie, aliyewaanzisha Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza wanaoomba Ubatizo wangojezwe miaka 4. Siku hizi muda wenyewe hutofautiana mahali na mahali. Lakini sababu ni ile ile: mtu apate nafasi ya kuyaona mawazo yake katika mvua na katika kiangazi, katika shibe na katika njaa, kabla ya kusema neno lisilorudishwa.

Kijana na mjane wa kaka yake

Tutazame sasa shida moja ya kwetu. Kijana yumo katika mwaka wa mwisho wa mafundisho. Ana mchumba, na sehemu ya mahari imekwisha kutolewa. Ndipo kaka yake mkubwa afapo, akiacha mjane na watoto 3. Wazee wakutana, wasema: Mke huyu ni wa jamaa, watoto ni wa jamaa, wewe ndiwe utakayemrithi, huyo mchumba utamwoa pia ukitaka.

Kijana ana hofu. Akikataa, ataitwa mtoto aliyepotezwa na dini. Akikubali, Ubatizo wake wasimama, kwa sababu Mkristo ana mke mmoja. Iko njia ya tatu ambayo wengi huichagua, nayo ni kutoroka usiku kwenda mjini. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, maana hapo amemwacha mchumba, na mjane, na yatima, na Ubatizo pia.

Amfikiri basi mgeni aliyekuja kwake na shida hiyo. Naamini angemwambia hivi: Wazee wana neno la kweli na neno lisilo la kweli. Ni kweli kwamba watoto wa kaka yako ni mzigo wako. Wajengee nyumba, mlimie mama yao shamba, uwalipie shule kwa kadiri uwezavyo. Si kweli kwamba mzigo huo hauchukuliki ila kwa kumchukua mama yao kuwa mke wa pili. Tena yeye mwenyewe amekwisha kuulizwa? Mara nyingi katika baraza hizo watu wote husema isipokuwa mjane.

Aende kwa wazee mchana, wala si kwa kujificha, aketi chini kama apasavyo mtoto, awaambie atakayofanya na asiyoweza kufanya. Wazee huenda wakakasirika. Siwezi kuwaahidi kwamba hawatakasirika. Pengine miaka itapita kabla hawajaona kwamba watoto wale wamekula na kusoma. Kwa hiyo yafaa tuseme sasa habari za bei ya njia.

Anuarite wa Wamba

Tarehe 29 Desemba 1939, upande wa Wamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, alizaliwa mtoto wa kike aliyeitwa Nengapeta. Katika lugha ya Kibudu jina hilo lina maana kwamba mali hudanganya. Jina la Anuarite lilikuwa la dada yake. Lilimshika shuleni, alipoandikwa nalo kwa kukosea, na ndilo tumjualo nalo sote. Walizaliwa wasichana 6 katika nyumba ile. Baba, kwa kutamani watoto wa kiume, alimwacha mama yao akaoa mwingine. Mwaona kwamba hakutoka katika nyumba isiyo na machozi.

Tangu utoto alitamani kuwa sista. Akaomba, akaambiwa angali mdogo. Siku moja gari kubwa likaja kuwachukua wasichana waliokuwa wakienda kwa masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka. Anuarite akapanda kimya kimya katikati yao, akaenda, na mama yake akamtafuta kwa siku kadhaa asijue yuko wapi. Siwasimulii hayo ili wasichana wafanye hivyo. Mama aliyekosa mtoto wake usiku ana uchungu, na sista aliye mwerevu leo angemrudisha msichana nyumbani aombe ruhusa. Lakini tusipitie jambo hilo upesi, kwa sababu wengi husimulia gari lile kana kwamba ndilo lililokuwa wito wake wote. Mtoto aweza kupanda gari kwa furaha ya siku moja. Wito ulionekana katika yaliyofuata.

Tarehe 5 Agosti 1959 aliweka nadhiri, akaitwa Sista Marie-Clémentine. Wazazi wake walikuwapo, wakawatolea masista mbuzi 2 kuonyesha furaha yao. Hapo alichagua mara ya pili, safari hii mbele ya watu wote na kwa ridhaa ya jamaa. Baada ya miaka akawa mwalimu. Mama yake, aliyekuwa na shida, akatamani binti yake arudi nyumbani asaidie jamaa kwa mshahara wake. Fikirini neno hilo lilivyokuwa zito kwa mtoto aliyeona mama yake akiachwa na mume! Kumkatalia adui ni rahisi. Kumkatalia mama mwenye njaa ni shida kweli. Anuarite hakurudi. Huo ulikuwa uchaguzi wa tatu, nao haukuwa na ngoma wala mbuzi.

Katikati ya siku hizo kubwa kulikuwa na siku ndogo ndogo zisizohesabika: watoto wa shule, jikoni, kazi ya kutunza vyombo vya kanisa. Alipenda kuwafurahisha wenzake, na alijiandikia maazimio yake katika daftari. Kama mngepita Bafwabaka mwaka 1963, mngemwona sista kijana akisonga ugali, msingegeuka kumtazama mara ya pili. Nadhani hapo ndipo mahali pa kujifunza kwetu zaidi kuliko mahali pengine.

Mwaka 1964 yalitokea maasi ya Simba. Tarehe 29 Novemba askari waasi walifika Bafwabaka, wakawachukua masista kwa gari. Anuarite aliweka mfukoni sanamu ndogo ya Bikira Maria. Wakapelekwa mpaka mji wa Isiro, uliokuwa ukiitwa Paulis. Usiku ule mkuu mmoja wa askari alimtaka awe mke wake. Akakataa, na mama mkuu wao akamtetea. Kanali mwingine akajaribu kumlazimisha, akampiga kwa ukali. Anuarite alimwambia kwamba amsamehe, kwa kuwa hajui alitendalo. Akachomwa visu, akapigwa risasi, akafa usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964. Alikuwa na umri wa miaka 24. Baadaye mwili wake ulitambuliwa kwa ile sanamu ndogo iliyokuwa mfukoni. Tarehe 15 Agosti 1985 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri, huko Kinshasa.

Watu husema, Mimi nisingeweza usiku kama ule. Hata yeye, usiku ule haukumwomba jambo jipya. Neno aliloombwa kulisema Isiro alikuwa amekwisha kulisema mwaka 1959, na tena mbele ya mama yake, na tena kila asubuhi jikoni. Kwa kulisema mara nyingi lilikuwa limezoea kinywa chake.

Mpunga uliooza huko Goma

Sasa niwape mfano wa mtu asiye mtawa, maana wengi wenu mtaoa na kuolewa na kutafuta kazi. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisoma, akapata kazi katika ofisi ya serikali ikaguayo bidhaa ziingiazo nchini. Pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio aliwatunza watoto wa barabarani, wale waitwao maibobo, akiwasaidia wapate kusoma.

Katika kazi yake vililetwa vyakula vilivyoharibika, visivyofaa kuliwa na watu. Wenyewe walitaka kumpa fedha ili avipitishe, na watu wenye nguvu wakamsukuma akubali. Akakataa. Kusema kweli, ni karatasi tu na muhuri. Wangapi hupiga muhuri namna hiyo wakasema, Nina watoto wa kulisha? Yeye aliwafikiri watu ambao wangekula. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, alitangazwa Mwenye Heri.

Angalieni kwamba Floribert hakuchagua kuwa shahidi. Alichagua kuwa mkaguzi mwaminifu. Kabla ya siku ile kulikuwa na siku nyingi ambazo uaminifu wake haukumgharimu kitu, na hakuna aliyemsifu. Mwenye kupima chumvi sokoni, mwalimu mwenye kuandika maksi za watoto, muuguzi mwenye ufunguo wa kabati la dawa, nao wamesimama mahali pale pale.

Kazi ya juma hili

Kabla ya somo lijalo kila mmoja atafute mahali pa kimya, shambani au mtoni, kwa siku 3, asubuhi au jioni. Amwombe Roho Mtakatifu. Kisha alitazame jambo moja analotaka kulichagua. Asichukue mambo kumi. Aangalie linamwachia nini moyoni kesho yake. Atakayeona jambo lake ni zito mno amwendee Padri au mwalimu, au mzee Mkristo ajuaye kunyamaza.

Maulizo ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini haifai kuchagua kazi au ndoa kwanza, kisha kumwomba Mungu aikubali?

2. Ignasi alitambuaje tofauti ya furaha zile mbili?

3. Mama yake Anuarite alikuwa na shida ya kweli. Je, binti alimkosea? Wanaume wajibu, kisha wanawake wajibu peke yao.

4. Katika kijiji chetu, ni nani aliye na mjane au yatima wa ndugu yake, na sisi tuliokusanyika hapa tumemsaidia nini?